Asiyekuwepo na Lake Lipo: Jumuiya Zetu na Familia za Wanajeshi



Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa parokia iliyo jirani na kambi ya jeshi. Kazi mojawapo niliyopewa na Baba Paroko ilikuwa kupitia madaftari ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili tujue ni nani anashiriki na ni nani amelegea. Katika daftari la jumuiya moja nilikuta jina la baba mmoja limepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni katibu ameandika: "Mtoro. Miezi saba."

Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa nimejiandaa kuhimiza. Nilimkuta mkewe. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema kwa upole: "Frateri, baba watoto yuko misheni nje ya nchi. Mimi nimekuja jumuiya mara mbili nikiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Hakuna aliyeniuliza mwenzangu yuko wapi. Niliulizwa bahasha ya zaka."

Sikuwa na jibu. Wanajumuiya wale hawakuwa watu wabaya. Nilikwisha kuwaona wakichangia msiba kwa saa moja tu, wakibeba maji, wakilala matangani siku tatu. Huruma walikuwa nayo. Ila msiba una utaratibu wake ambao kila mtu anaujua tangu utoto: nani anapika, nani anaandika michango, nani anachimba kaburi. Kwa familia ambayo baba au mama yuko mbali akilinda amani, utaratibu kama huo haukuwepo, na pasipo utaratibu huruma hubaki moyoni.

Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Makala hii inataka kuonyesha jinsi jumuiya ya Kikristo inavyoweza kuukataa usemi huo, kwa kujijengea uwezo wa kuzibeba familia za wanajeshi kabla shida haijabisha hodi.

Familia ya mwanajeshi ni ipi?

Tukisikia maneno "familia ya mwanajeshi" tunafikiri mara moja kota za kambini. Hiyo ni sehemu tu. Familia nyingi zinaishi uraiani katika nyumba za kupanga, zikichanganyika nasi. Kuna pia wazazi wazee waliobaki kijijini, ambao kijana wao ndiye aliyekuwa akiwatumia fedha za dawa. Kuna wajane na yatima. Kuna wastaafu. Tena tusisahau kwamba siku hizi wanawake wengi ni askari, kwa hiyo anayebaki na watoto anaweza kuwa baba, naye mara nyingi huona aibu kuomba msaada kuliko mama.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa mwaka 1964. Tangu hapo askari wake wamekwenda mbali na nyumbani mara nyingi. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viligusa karibu kila wilaya ya nchi, na makaburi ya mashujaa pale Kaboya, wilayani Muleba, yanalishuhudia jambo hilo. Katika miaka ya karibuni safari kubwa zimekuwa za kulinda amani: Lebanoni, Darfur nchini Sudani, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Julai 2013 askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio moja. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani pale Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Jirani zetu wa Kenya wanayo majonzi yao tangu jeshi lao lilipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011.

Nyuma ya kila askari katika hesabu hizo kuna nyumba. Na kila nyumba iko ndani ya mipaka ya parokia fulani.

Mizigo mitatu ambayo jirani haioni

Mzigo wa kwanza ni uhamisho. Askari hupangiwa kituo, na familia hufuata au hubaki. Mtoto anaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza Arusha, katikati ya mwaka anajikuta Songea, na huko anaambiwa aanze upya. Mama aliyekuwa mhasibu wa WAWATA anafika mahali asikojulikana, anakaa benchi la nyuma. Akianza kuzoeleka, barua nyingine ya uhamisho inakuja.

Mzigo wa pili ni kutokuwepo. Aliyebaki anakuwa baba na mama kwa wakati mmoja. Maamuzi yote ni yake: ada, ugonjwa, ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mtoto wa kiume aliyeanza kurudi usiku. Juu ya hayo yote kuna simu. Ikilia usiku, moyo unapasuka. Isipolia wiki nzima, moyo unapasuka vilevile.

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba familia hizo zilikuwa katika majonzi ya namna ya pekee: mtu hayupo, lakini hawezi kuliliwa kama marehemu, yupo moyoni, lakini hawezi kuketi mezani. Tunaweza kuuita msiba usio wazi, msiba usio na matanga. Boss alieleza pia upande wake wa pili: mtu aliyepo kwa mwili lakini akili na moyo viko kwingine. Familia ya askari inaweza kuonja pande zote mbili, ya kwanza askari anapokuwa safarini, ya pili anaporudi.

Na hapo ndipo penye mzigo wa tatu: kurudi. Sisi majirani tunaona sherehe, tunaona mtu amevaa vizuri, tunadhani mambo yamekwisha. Lakini nyumba imejifunza kuishi bila yeye. Mtoto mdogo anamkimbia. Mama amezoea kuamua, naye amezoea kuamuru au kuamriwa. Wengine wanarudi na kiwewe: hawalali, wanaota ndoto za kutisha, wanashtuka mlango ukibamizwa, wanajitenga, wanakuwa wakali au wanaanza kunywa kupita kiasi. Mke anaficha, kwa sababu anajua mtaa utasema, "Amerudi na hela, mapenzi yameisha."

Kanisa linafundisha nini?

Huenda mtu akauliza: je, kuwasaidia wanajeshi si kubariki vita? Mama Kanisa amejibu mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya *Gaudium et Spes* namba 79 (mwaka 1965), unafundisha kwamba wanaolitumikia taifa jeshini wajione kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa watu, na kwamba wakiitenda kazi hiyo ipasavyo wanachangia kweli kudumisha amani. Hati hiyohiyo inalaani ukatili wa vita kwa maneno mazito. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Jumuiya inayomwombea askari wake aliyeko Kongo inapaswa kuwaombea pia Wakongo waliokimbia vijiji vyao, na hata wale waliobeba silaha dhidi yake.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliliangalia suala la familia yenyewe. Katika wosia wa kitume *Familiaris Consortio* wa mwaka 1981, namba 77, anataja familia zinazohitaji uangalizi wa pekee wa kichungaji, na miongoni mwao wamo wale wanaolazimika kukaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, kama vile wanajeshi na mabaharia. Mwaka 1986 akatoa katiba ya kitume *Spirituali Militum Curae* kuhusu majimbo ya kijeshi. Kenya na Uganda zinayo majimbo ya namna hiyo. Lakini hata penye askofu na mapadre wa jeshi, familia inayoishi uraiani hukutana na Kanisa kwanza katika jumuiya yake ya mtaani.

Maandiko Matakatifu nayo yana mengi ya kutufundisha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati (24:5) kinaagiza kwamba aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, bali akae mwaka mmoja nyumbani kwa ajili ya mkewe. Sheria ile ya kale ilitambua kwamba ndoa nayo ina madai yake mbele ya jeshi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30, Daudi na watu wake wanarudi Siklagi na kukuta mji umechomwa, wake na watoto wao wametekwa wakati wanaume hawapo. Wanawafuatia Waamaleki na kuwaokoa jamaa zao. Baadhi ya askari hawataki kugawana nyara na wenzao 200 waliochoka wakabaki nyuma kulinda mizigo. Daudi anakataa, anaweka agizo kwamba fungu la aliyekwenda vitani na fungu la aliyebaki kwenye mizigo yawe sawa. Mke anayebaki na watoto miezi mingi ndiye huyo aliyebaki kwenye mizigo. Fungu lake la heshima lisipungue.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuishia kuhubiri upendo. Waliita mkutano, wakachagua watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi. Tatizo la kusahauliwa lilipata watu, majina na mpango. Huko ndiko kujenga uwezo.

Uwezo wa jumuiya maana yake nini?

Neno "uwezo" hutufanya tufikirie fedha. Watafiti kadhaa wa Marekani, miongoni mwao Gary Bowen, James Martin na Jay Mancini, walishughulika kwa miaka mingi na familia za wanajeshi wa nchi yao. Huko jeshi liliacha kuandikisha vijana kwa lazima mwaka 1973, likawa la watu wa hiari, wengi wakiwa na ndoa na watoto, na familia nyingi zikaishi nje ya kambi. Ikawa dhahiri kwamba ofisi za jeshi peke yake haziwezi kuzifikia familia hizo zote.

Kwa maelezo yao, uwezo wa jumuiya unasimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni watu kujiona wanawajibika pamoja kwa ajili ya wenzao. Ya pili ni watu kuweza kutenda pamoja, yaani kuona fursa na kuitumia, kukabili tatizo na kulitatua. Nguzo moja bila nyingine haitoshi. Jumuiya yenye moyo bila mpango husikitika tu. Jumuiya yenye mpango bila moyo hugeuka ofisi.

Wanaeleza tena kwamba kuna mitandao ya aina mbili: ile rasmi, kama vile ofisi, idara na vyama vyenye viongozi, na ile isiyo rasmi, yaani majirani, marafiki na ndugu. Mtu akipata shida saa nane usiku hakimbilii ofisini, anagonga mlango wa jirani. Kwa hiyo kazi kubwa ya mitandao rasmi ni kuuimarisha ule usio rasmi, ili mlango ule ukigongwa ufunguke.

Sisi Wakatoliki wa Afrika Mashariki tunayo zawadi hapa. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia kuu ya kuwa Kanisa katika ukanda wetu. Jumuiya ni rasmi, kwa kuwa ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na inaunganishwa na kigango na parokia. Wakati huohuo ni ya majirani wanaoazimana chumvi. Inasimama mahali pale ambapo mitandao hiyo miwili inakutana. Hatuhitaji kuunda chombo kipya, tunahitaji kukitumia tulichonacho.

Hatua ambazo jumuiya inaweza kuchukua

*Kwanza, kujua.* Daftari la jumuiya liwe na nafasi ya kuandika "yuko safarini kikazi", isiwe mahudhurio na michango tu. Mwenyekiti amtembelee kila mwanajumuiya mpya ndani ya wiki chache na kuuliza kwa heshima hali ya nyumba. Michango ya asiyekuwepo ipangwe upya kwa mazungumzo na familia, isije ikageuka deni la kumpokelea anaporudi.

*Pili, kumpa kila familia mtu wake.* Msaada wa watu wote mara nyingi ni msaada wa hakuna mtu. Jumuiya ichague mama au baba mmoja, au wanandoa, wa kuwa karibu na familia hiyo muda wote wa safari. Kazi yake si kutatua kila kitu. Ni kupita mara moja kwa wiki, kujua mtoto gani anaumwa, na kuwa na namba inayopigika usiku.

*Tatu, kugawana kazi za kawaida.* Mwezi mmoja baada ya askari kuondoka, familia haihitaji hotuba. Inahitaji bati lililovuja lipigiliwe, gesi ibadilishwe, mtoto afikishwe zahanati. Wanaume wa UWAKA wanaweza kuyachukua ya nyumba. WAWATA wanajua ya uzazi na ugonjwa. VIWAWA wanaweza kuwasaidia watoto masomo ya jioni. Walezi wa Utoto Mtakatifu wamwangalie mtoto aliyenyamaza ghafla au aliyeanza kupigana, kwani watoto mara nyingi hulia kwa namna hiyo. Na msaada usisubiri kuombwa. Kumwambia mama "ukiwa na shida sema" ni kumwongezea kazi ya kuomba. Afadhali kumwambia, "Jumamosi tutakuja watatu kuangalia paa, saa ngapi inakufaa?"

*Nne, kulinda safari ya sakramenti.* Hapa mafrateri na makatekista tuna wajibu wetu. Familia ikihamishwa, isindikizwe na barua ya utambulisho inayoonyesha mtoto amefika wapi katika mafundisho, ili asirudishwe nyuma bila sababu. Mtoto akipata Kipaimara mbali na alikobatiziwa, paroko wa huko anapaswa kuiarifu parokia ya ubatizo (Kanuni ya 895), na ndoa nayo vivyo hivyo (Kanuni ya 1122). Familia iliyoishi vituo vitano inaweza kujikuta haina cheti hata kimoja. Taarifa moja iliyotumwa kwa wakati inaokoa miezi ya kuhangaika.

*Tano, kuandaa nyaraka kabla ya safari.* Jambo hili tunaliogopa, tunaona kama kuitana mkosi. Sivyo. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja, na majina ya warithi yaliyoandikwa kazini yawe sahihi na ya sasa. Mwajiriwa aliyejaza fomu akiwa kijana anaweza kuwa bado ameandika jina la kaka yake, hali ana mke na watoto watatu. Parokia inaweza kumwalika mwanasheria Mkatoliki mara moja kwa mwaka kuwaelimisha waumini wote kuhusu wosia na mirathi, ili askari wasijione wametengwa kwa habari ya kifo.

*Sita, kujenga daraja na kambi.* Paroko na viongozi wa walei wamfahamu padre anayehudumia kambi kama yupo, pamoja na ofisa anayeshughulikia ustawi wa familia. Siku ya shida si siku ya kuanza kutafuta mlango wa kuingilia.

*Saba, kumpokea anayerudi.* Wiki za kwanza aachwe na watu wake. Asipangiwe uongozi, asiulizwe habari za vita kibarazani, asiombwe mkopo. Ibada ya shukrani nyumbani kwake, kama familia inapenda, inatosha. Padre awe tayari kwa Sakramenti ya Kitubio bila haraka, kwa sababu baadhi ya mizigo ya dhamiri haisemwi kwa dakika mbili. Na dalili za kiwewe zikionekana, tusikimbilie kusema ana mapepo au amerogwa. Sala na matibabu havigombani. Asindikizwe hospitali ya rufaa yenye huduma ya afya ya akili, au hospitali ya jeshi, na jumuiya iendelee kumzoea kama kawaida.

Mipaka ya kuheshimu

Upendo usio na busara unaweza kuumiza. Usiulize askari yuko sehemu gani, anarudi lini, wako wangapi. Hata kama mkewe anajua, hayo si ya kutangazwa katika maombi ya waumini wala katika kundi la WhatsApp la jumuiya. Inatosha kusali kwa ajili ya "ndugu yetu aliye safarini".

Pili, wivu na uvumi. Watu husema wanaokwenda misheni hurudi na fedha nyingi, na kwa sababu hiyo mke huonekana hahitaji chochote. Fedha haimpeleki mtoto hospitali usiku. Tena mama ambaye mume hayupo huchunguzwa kila mgeni anayeingia kwake. Ndiyo maana wanaomtembelea waende wawili wawili, na sisi mafrateri tusiende peke yetu. Hiyo inalinda heshima yake na ya kwetu.

Tatu, tusimgeuze kuwa mtu wa kuhurumiwa daima. Mke wa askari aliyehama mara sita ana ujuzi mwingi wa kuanza upya kuliko wengi wetu. Mpe kazi. Akiwa mlezi wa familia nyingine ya askari, msaada wake utazidi wetu, kwani anajua njia.

Habari mbaya inapokuja

Kuna siku gari la jeshi husimama mbele ya nyumba. Jumuiya iliyojiandaa itajua la kufanya, na neno la kwanza ni kunyamaza. Taarifa ya kifo ni ya familia, na jeshi ndilo lenye jukumu la kuitoa. Mjane asisome jina la mumewe katika simu kabla hajaambiwa na wanaohusika.

Mazishi ya kijeshi yana heshima yake na taratibu zake, nayo hufanywa vizuri. Tatizo huanza baada ya matanga kuanuliwa. Mjane huenda akalazimika kuhama kota. Mirathi inahitaji kikao cha ukoo chenye muhtasari, cheti cha kifo, na kufungua shauri mahakamani ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Katika kikao kile mjane anaweza kuwa peke yake kati ya ndugu wa mume. Jumuiya haina haki ya kuingilia ukoo, lakini inaweza kumsindikiza. Mzee mmoja wa busara anayeheshimika na pande zote, na mama mmoja wa kukaa naye, huweza kuzuia mengi.

Naomba kila jumuiya iwe na kalenda ya wafiwa. Siku ya arobaini watu huwa bado wapo. Mwezi wa saba je? Siku ya kuzaliwa ya marehemu? Siku mtoto anaanza darasa la kwanza bila baba? Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa, na mwezi Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote. Ni nafasi nzuri za kuwataja kwa majina askari wa parokia waliokufa, na kuwaalika wajane na wazazi wao kupeleka vipaji altareni.

Kuanza na nyumba moja

Nirudi kwenye lile daftari. Nilimweleza mwenyekiti nilichosikia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Frateri, tumemkosea." Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa yule mama. Katibu alikuja na daftari, akafuta neno "mtoro" mbele ya watu wote na kuandika "safarini". Mama alilia kidogo, kisha akatuletea chai. Kabla ya kufunga sala, mama mwingine, mpangaji wa nyumba ya tatu ambaye tulidhani ni mjane, akasema kwamba naye mumewe ni askari. Hakuwahi kusema, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa na familia nne katika jumuiya ya kaya ishirini na mbili.

Sikuona muujiza. Mwaka wangu ulipoisha, bado kulikuwa na wiki ambazo mlezi hakupita, na uvumi ambao haukukoma. Lakini yule mtoto aliyekuwa mgongoni alipougua tena usiku, mama yake aligonga mlango wa jirani, na pikipiki ikapatikana ndani ya dakika kumi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili, maana ukiwa si wako huuoni uzito wake. Mtume Paulo anatutaka tufanye kinyume: tuchukuliane mizigo, na kwa kufanya hivyo tuitimize sheria ya Kristo (Gal 6:2).

Kwa tafakari ya jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni familia ngapi zina mtu jeshini? Tunazijua kwa majina?
2. Ikiwa mmoja wao atapata shida usiku wa leo, atagonga mlango wa nani? Mwenye mlango huo anajua?
3. Ni jambo gani moja tutakalolianza kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atalisimamia?